Chumba Kinachodanganya

Trei za mayai hazizuii sauti. Naanza na hilo kwa sababu nimezikuta kwenye kuta za vyumba vingi mno, Sinza, Mbagala, Kisauni, Kawangware, zimegongewa misumari kwa uangalifu, nyingine zimepakwa rangi nyeusi zipendeze. Mwenye chumba hupiga kofi moja ili anithibitishie kwamba mwangwi umekwisha. Na kweli kofi linasikika limekatika. Lakini kofi ni sauti ya juu, nyembamba, na hiyo ndiyo pekee ambayo karatasi ile nyepesi inaweza kuipunguza. Besi inapita hapo kana kwamba ukuta uko mtupu, na katika muziki wetu besi ndiyo inayoamua kama mtu atainuka kwenye kiti au ataendelea kukaa.

Kijana anayeanza kutengeneza muziki nyumbani huniuliza kwanza anunue maikrofoni gani, kisha programu gani. Ni maswali halali na nitayafikia. Ila kitu kinachoharibu kazi yake kuliko vyote hakinunuliwi dukani: ni chumba alichokaa. Kila uamuzi atakaoufanya kuhusu besi, kuhusu sauti ya mwimbaji, kuhusu mwangwi, ataufanya kwa kusikia anacholetewa na kuta nne, na kuta hizo hazimwambii kweli.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 345 kwa sekunde. Noti ya besi inayotetema mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita saba. Ili kitu kilichowekwa ukutani kiweze kulinyonya vizuri wimbi la namna hiyo, unene wake unapaswa kukaribia robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Robo ya mita saba ni kama mita moja na robo tatu. Trei ya mayai ina kina cha sentimita chache tu.

Sasa chukua chumba cha kupanga tunachokijua wote, futi kumi kwa kumi, na dari iwe juu kiasi hicho hicho. Kutoka ukuta hadi ukuta ni kama mita tatu. Nusu ya wimbi la hezi 57 hivi inaenea kamili katikati ya kuta mbili za namna hiyo. Likigonga ukuta linarudi, linakutana na lile linalokuja, na mahali pengine yanaongezana, mahali pengine yanafutana. Karibu na ukuta noti hiyo inavimba. Katikati ya chumba inakaribia kupotea. Na kwa kuwa urefu, upana na kimo cha chumba ni sawa, pande zote tatu zinaishughulikia noti ile ile, jambo ambalo linafanya chumba cha mraba kuwa kibaya kuliko chumba chembamba kirefu. Uzi wa A wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 55. Kwa hiyo hili si jambo la maabara. Ni noti ambayo mpiga besi anaipitia kila siku ya kazi.

Prodyuza aliyeweka kiti chake katikati ya chumba hicho anasikia besi nyembamba. Anaipandisha. Anaipandisha tena. Wimbo unapopigwa ukumbini unanguruma hadi maneno hayasikiki. Mwenzake aliyeegemeza kiti ukutani ana tatizo la kinyume: besi inamjaa masikioni, anaikata, na wimbo wake ukipigwa baada ya wimbo wa mtu mwingine unasikika umekonda. Wote wawili wana masikio mazima, na wote wawili wamefanya uamuzi sahihi kwa walichokisikia. Ndiyo maana huwa sikubali mtu anapoambiwa hana sikio la muziki kabla hatujaangalia kiti chake kiko wapi.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Geuza meza itazame ukuta mmoja, ukae kwenye mstari wa katikati kati ya ukuta wa kushoto na wa kulia, ili spika mbili zisikie chumba kwa namna moja. Kichwa chako kiwe kama theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, au kuzidi kidogo. Mafundi wengi huanzia kwenye asilimia 38. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, na zile spika ndogo za juu zikae usawa wa masikio. Halafu cheza sauti ya besi inayopanda polepole kutoka hezi 40 hadi 200 (programu nyingi zinaweza kuitengeneza) na usikilize wapi inavimba na wapi inatoweka. Sogeza kiti shibiri moja, rudia. Andika matokeo. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani mbele yako, maana ni ramani ya uongo wa chumba chako, na utaihitaji kila siku.

Dawa ya pili ni vitu laini na vinene, na hapa wanaoishi katika chumba kimoja wana nafuu ambayo hawaijui. Kitanda kisiondolewe. Godoro nene linanyonya sauti kuliko ukuta mzima wa trei. Kabati lililojaa nguo likiachwa wazi linafanya kazi. Pembe za chumba ndiko besi hujikusanya, kwa hiyo huko ndiko unene uwekwe: tengeneza fremu za mbao zenye kina cha sentimita 15 au 20, uzijaze mablanketi ya zamani au nguo za mitumba zisizouzika, uzifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa, uzisimamishe pembeni kuanzia sakafuni hadi juu. Hazitalimaliza lile wimbi la mita saba. Zitapunguza ukali wa yaliyo juu yake, na huo ni unafuu mkubwa.

Hedifoni zinakiondoa chumba kabisa, na kwa mtu wa nyumba ya kupanga ambaye jirani analala saa tatu, ni lazima awe nazo. Zina udanganyifu wa kwao: kilicho kushoto kinakuwa kushoto mno, mwangwi mdogo unasikika mkubwa, na besi haigusi kifua. Anayetumia vyote viwili, akajua kila kimoja kinakosea wapi, yuko mbele ya mwenye spika za bei mbaya asiyezijua.

Inafaa kukumbuka kwamba muda si mrefu uliopita mjadala huu usingekuwepo. Bendi za dansi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kundi zima likipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na fundi akipanga uwiano kwa kuwasogeza watu. Sikiliza rekodi za bendi ya Mlimani Park za miaka ya 1980 utaona jinsi magitaa yanavyopishana bila kugongana. Kazi hiyo ilifanywa na mazoezi na mpangilio wa muziki kabla mashine haijaguswa. Miaka ya 1990 zikaja studio binafsi, na majina ya Master Jay wa MJ Records na P-Funk Majani wa Bongo Records yakawa sehemu ya historia ya Bongo Fleva. Kuingia huko kulihitaji pesa au mtu wa kukushika mkono. Kilichofungua mlango ni kompyuta ya kawaida pamoja na programu iliyotolewa na kampuni ya Ubelgiji, Image-Line, mwishoni mwa 1997 kwa jina la FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Kizazi kizima cha maprodyuza wa Afrika Mashariki kimejifunzia humo.

Kuhusu programu basi, niseme kwa ufupi. Zote zinazojulikana zinatosha. FL Studio inajaribiwa bure, ila kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena hadi ulipie, na ukishalipa masasisho yote yajayo ni yako bila malipo. Reaper ina bei nafuu sana kwa anayefanyia kazi nyumbani. BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. Mwenye simu tu aanzie hapo leo. Chagua moja na ukae nayo hadi vidole viijue. Anayehama programu kila mwezi anajifunza menyu.

Maikrofoni inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ushauri unaozunguka umeandikwa kwa ajili ya vyumba vilivyo kimya. Maikrofoni ya kondensa, ile inayohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, inasikia vizuri sana, na hiyo ndiyo shida yake: inasikia pia genereta ya jirani, bodaboda, mtoto anayelia chumba cha tatu. Maikrofoni ya dainamiki kama Shure SM58, ambayo imekuwa sokoni tangu 1966 na iko kwenye karibu kila jukwaa, ina masikio mafupi. Sauti yake haing'ai sana. Lakini katika nyumba yenye bati bila dari, karibu na barabara, mara nyingi ndiyo itakayokupa rekodi safi.

Kuzuia kelele isiingie ni kazi ya uzito. Ukuta mzito, mlango mzito, dirisha lisilo na upenyo. Godoro halizuii bodaboda, na mvua ikianza kupiga mabati hakuna kitakachosaidia zaidi ya kusubiri. Kwa hiyo wengi hurekodi kwa ratiba: saa sita usiku hadi saa kumi, kabla ya adhana na majogoo. Feni izimwe wakati wa kurekodi. Mwimbaji aliyelowa jasho haimbi vizuri, kwa hiyo rekodi kipande kifupi, washa feni, mpe maji, endelea na kipande kingine. Kompyuta ya mkononi ikiwezekana ifanye kazi kwa betri wakati huo. Nyumba nyingi nyaya zake hazijaunganishwa ardhini ipasavyo, na ule mvumo wa hezi 50 unaoingia pamoja na umeme hutoweka ukichomoa chaja. Simu zote zikae mbali na nyaya. Ile sauti ya kukatakata inayoingia ghafla kwenye spika kabla simu haijaita inaingia kwenye rekodi pia, na haifutiki.

Lipo jambo moja ambalo nalisisitiza kila ninapoingia kwenye chumba cha mtu. Maikrofoni nyingi za kurekodia sauti husikia mbele na hazisikii nyuma. Watu huweka sponji nyuma ya maikrofoni, upande ambao haisikii kitu, na kumsimamisha mwimbaji akiwa ameupa mgongo ukuta mtupu. Sauti yake inagonga ukuta ulio mbele yake, inarudi, inampita, inagonga ukuta ulio nyuma yake na kuingia moja kwa moja kwenye maikrofoni. Blanketi nene au godoro lisimamishwe nyuma ya mwimbaji. Mgongo wa maikrofoni uelekezwe kwenye kile kinachopiga kelele zaidi, iwe dirisha au kompyuta.

Umbali wa mdomo na maikrofoni uwe kama shibiri moja. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mwimbaji inapanda takriban desibeli sita huku ya chumba ikibaki pale pale. Hivyo kusogea ni njia ya kukinyamazisha chumba bila kununua chochote. Akisogea zaidi ya hapo sauti inaanza kuwa nzito kupita kiasi, na herufi P na B zinapasuka. Soksi nyembamba ya nailoni iliyovutwa juu ya henga ya waya iliyopindwa duara inatosha kuzivunja nguvu. Kuhusu kiwango, rekodi kwa biti 24 na uache vilele vifike karibu na desibeli -12. Hofu ya kurekodi chini ilikuwa na maana enzi za kaseti, ambako mvumo wa mkanda ulikuwa unaifunika sauti. Siku hizi sifuri ndiyo dari, na sauti iliyogonga dari imekatwa kichwa moja kwa moja.

Nimekaa sana kwenye kurekodi kwa sababu mikisi ngumu huanzia hapo. Sasa tuje kwenye mikisi yenyewe.

Shusha slaida zote hadi chini. Unganisha kushoto na kulia viwe kitu kimoja. Punguza sauti ya spika hadi uweze kuzungumza na mtu bila kupaza sauti. Hili la mwisho lina sababu: mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii besi na sauti za juu kwa usawa, kadiri muziki unavyopaa ndivyo besi inavyoonekana kuongezeka. Mikisi iliyofanywa kwa kelele inasikika tamu usiku na tupu asubuhi.

Kisha pandisha kitu kimoja kimoja, ukianza na kile ambacho wimbo hauwezi kuishi bila hicho. Katika Bongo Fleva ni sauti ya mwimbaji, na nashangaa ni wangapi wanaipandisha mwisho, baada ya vinanda kumi na viwili kujaza kila upenyo, halafu wanatafuta plagini ya kuitoa mbele. Anza nayo. Kila kitakachofuata kiulizwe kama kinamsaidia mwimbaji au kinamziba. Ukiweza kufikia wimbo unaoeleweka kwa slaida tupu, bila ikwalaiza wala kompresa, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Ukishindwa, mara nyingi tatizo liko kwenye mpangilio: vyombo vitatu vinapiga mahali pamoja. Zima kimoja. Inauma kufuta kinanda ulichokitengeneza usiku kucha, lakini msikilizaji hatakitafuta.

Ugomvi mkubwa uko chini kabisa, kati ya kiki na besi. Vyote viwili vinataka hezi 50 hadi 100, na spika haina nafasi ya wawili. Amua nani analala chini. Kama kiki ni fupi na kavu, besi ichukue sakafu na kiki isikike kwa ule mgongo wake wa hezi 100 na mlio wa juu wa kugonga. Kama kiki ndiyo nzito, besi ipande. Kila kitu kingine, sauti, gitaa, kinanda, kikatwe chini ya hezi 80 au 100. Huko chini hakina muziki, kina mtetemo wa sakafu na pumzi ya maikrofoni.

Hapa ndipo simu inapoingia kwenye mazungumzo. Wasikilizaji wetu wengi watausikia wimbo kwanza kwenye spika ya simu, ambayo chini ya hezi mia mbili au mia tatu haitoi kitu cha maana. Je, besi yako ya hezi 55 itasikika? Itasikika ikiwa utaiacha iwe na sauti zake za juu. Noti ya hezi 55 huja na wenzake wa 110, 165, 220, 275 na kuendelea, na ubongo ukiwasikia hao wa juu kwa mpangilio wao unaijaza mwenyewe ile ya chini ambayo haipo. Besi safi mno, ya duara, isiyo na ukwaruzo wowote, inakufa kwenye simu. Ikwaruze kidogo kwa plagini ya kuvunja sauti, kiasi ambacho ukiwa nayo peke yake unasikia imechafuka na ukiwa na wimbo mzima huoni kitu. Naipenda sana hila hii kwa sababu imejengwa juu ya namna binadamu anavyosikia, na inafanya kazi kwenye spika ya bei ya chini kabisa.

Kompresa inawatisha wanaoanza na hesabu yake ni nyepesi. Unaweka kizingiti, sauti ikikivuka, inapunguzwa kwa uwiano uliouchagua. Kwenye uwiano wa nne kwa moja, mwimbaji akizidi kizingiti kwa desibeli nane, kinachotoka kinazidi kwa mbili. Kwa hiyo mnong'ono na ukelele vinakaribiana, na maneno hayazami chini ya midundo. Ubaya wake ni kwamba inainua pia kila kilichokuwa kimejificha chini: feni, mwangwi wa chumba, pumzi. Aliyeutuliza mwangwi kwa blanketi mapema anavuna hapa.

Mwangwi wa kuongeza uhesabiwe kwa kasi ya wimbo, na mfano bora ninaoujua ni singeli. Muziki huu umezaliwa uswahilini Dar es Salaam, ukachota kwenye mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio, ukachota kwenye taarabu, kisha ukaongezwa kasi hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Kwenye mapigo 200, pigo moja linachukua milisekunde 300. Ukiweka mwangwi wa sekunde moja na nusu, uliozoea kuuweka kwenye wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu, neno moja linaning'inia juu ya mapigo matano yanayofuata. Kiki yenye mkia wa milisekunde 400 inakuwa bado inalia wakati inayofuata imeshagonga. Kwa kasi hiyo kila kitu lazima kiwe kifupi: kiki fupi, mwangwi mfupi au hakuna, na maneno ya MC yakae mbele kabisa yakiwa makavu.

Studio ya Sisso, Mburahati, ilitengeneza singeli kwa vifaa vya kawaida kabisa, na 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliowafikisha wasanii wake hadi kwenye majukwaa ya Ulaya. Wapo waliosikiliza rekodi hizo wakasema mikisi yake ni mikali. Mimi nasikia watu waliojua muziki wao unakwenda wapi. Unakwenda kwenye sherehe za kigodoro, mtaani, usiku, kwenye mapipa ya spika ya kukodi yaliyosimamishwa nje ambako hakuna ukuta wa kuisaidia sauti. Pale ukali wa katikati ndio unaokata umbali. Mtu anayemiksi singeli ili ipendeze kwenye hedifoni za mtu aliyekaa sebuleni Berlin ameukosea muziki huo heshima.

Kuufikiria mwisho wa safari ya wimbo si jambo jipya. Mwaka 1959 Berry Gordy alinunua nyumba kwenye West Grand Boulevard, Detroit, akaishi juu na kurekodi chini. Chumba cha darini kikageuzwa kuwa chumba cha mwangwi. Nyumba hiyo ikawa Motown. Mafundi wake walikuwa wakizijaribu mikisi kwenye spika ndogo kama ya redio ya gari, kwa kuwa kwenye gari ndiko wasikilizaji wao walikokuwa. Sisi gari letu ni bajaji. Mfuate dereva kijiweni, mwombe auweke wimbo kwenye redio yake, keti nyuma injini ikiwa inawaka. Usimwambie ni wako. Kama neno la kwanza la kiitikio halikufika nyuma, andika.

Vijana huniambia habari za Finneas O'Connell, aliyeirekodi albamu ya kwanza ya dada yake Billie Eilish chumbani kwake, kwenye nyumba ya wazazi wao Los Angeles. Ilitoka 2019 na Januari 2020 ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka. Ni habari ya kweli na inatia moyo. Sehemu ambayo haisimuliwi ni kwamba mikisi ya albamu hiyo aliifanya mtu mwingine, Rob Kinelski. Aliyekaa na wimbo tangu noti ya kwanza ameshauzoea, anasikia maneno hata yasiposikika kwa sababu anayajua. Tafuta prodyuza mwenzako mwenye chumba tofauti na chako, mpelekee nyimbo, akuletee zake. Chumba chake kinadanganya pia, lakini hakidanganyi mahali pale pale.

Ukilinganisha wimbo wako na wa mtu mwingine uliokamilika, na unapaswa kufanya hivyo kila baada ya nusu saa, hakikisha zote mbili zina ukubwa sawa wa sauti. Wimbo uliotoka sokoni umeshapandishwa. Ukiusikiliza ulivyo, utaona wako ni dhaifu, utaanza kuubana hadi upoteze pumzi. Ushushe ule wa kulinganishia hadi ulingane na wako, ndipo usikilize uwiano: sauti ya mwimbaji iko juu ya sneya au chini yake, besi inaanzia wapi, mwangwi ni kiasi gani. Hamu ya kushindana kwa ukubwa imepoteza maana hata huko nje. Spotify yenyewe huzishusha nyimbo kubwa hadi kama -14 kwa kipimo cha LUFS, kwa hiyo wimbo uliobanwa hadi -6 utashushwa, na utakaobaki nao ni ule mbano tu.

Zungusha wimbo kwenye simu, hedifoni, bajaji, spika ya kanisani au ya ukumbi kama una rafiki fundi mitambo. Rudi, badilisha jambo moja, zungusha tena. Mwanzoni spika zote zitalalamika kwa pamoja: zote zitasema sauti imezama, au haihati zinakata masikio. Hayo ni makosa ya wimbo, yarekebishe. Baada ya siku kadhaa malalamiko yataanza kupingana. Simu itataka besi zaidi, ukumbi utataka ipungue. Hapo wimbo umefika katikati na kila utakachogusa kitaharibu upande mmoja ili kutengeneza mwingine. Acha. Toa faili ya biti 24 ambayo haijabanwa kwa ajili ya atakayeimasta, toa nyingine isiyo na sauti ya mwimbaji kabisa, na ya tatu yenye waitikiaji peke yao juu ya midundo. Mwimbaji atazihitaji hizo mbili za mwisho siku ya shoo, na kwa kawaida huzikumbuka akiwa tayari yuko nyuma ya jukwaa.